Sura ya Sita: Udongo wa Paa la Masagasi

Jalada la kesi ya Chediel Masagasi lilikuwa limeshiba, ingawa lilikuwa na umri wa siku mbili tu, na Koplo Fabiano alilikabidhi kwa mikono miwili.

"Afande, hii haina kazi," alimwambia Mkaguzi Agripina Njiku kabla hata hajavuta kiti. "Mzee Urbano Masagasi, miaka themanini na miwili, ameangukiwa na paa la nyumba yake juzi Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua inanyesha, yeye amejilaza chumbani. Kwenye kifusi tumekuta nguzo imekatwa kwa msumeno. Mwanawe alikuwa anataka nyumba ivunjwe. Mwezi uliopita alimwambia mzee mbele ya majirani, 'Nyumba hii itakuua.' Na Jumatano, siku moja kabla, alionekana juu ya paa ameshika sepetu. Hilo amelikubali mwenyewe, kwenye maelezo ya onyo, ukurasa wa tatu."

Agripina alikuwa ameingia Manyoni saa mbili asubuhi kutoka Singida. Nyumba ya Masagasi ilikuwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, na mkoa haukutaka kusikia habari zake redioni kabla ya mtu wake kuiona. Alifungua ukurasa wa tatu, akausoma, akaurudia.

"Umemfungulia shitaka gani?"

"Mauaji. Jumatatu anapanda mahakamani."

"Halina dhamana hilo."

"Halina, afande."

"Na mazishi ni lini?"

Fabiano akajikuna shingo. "Leo saa tisa. Familia imeomba tusimpeleke mtuhumiwa. Shahidi wetu namba moja ni dada yake, Dorkas. Ndiye aliyemkuta juu ya paa."

Fabiano hakuwa mvivu wala mla rushwa, na ni vizuri lisemwe mapema asije akaonewa. Alikuwa mtu wa Muheza, mwaka wake wa pili Manyoni, na katika maisha yake alikuwa amelala chini ya makuti na chini ya bati. Paa la udongo alikuwa amelifahamu Alhamisi jioni, likiwa tayari limeanguka.

"Nitaanza na mtuhumiwa," Agripina alisema.

Chediel aliletwa bila mkanda wala viatu. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, fundi wa kuchomelea mwenye karakana karibu na stendi, na mikono yake ilikuwa na alama za cheche mpaka kwenye viwiko. Alisalimia kwa adabu, akakaa, akasubiri kuulizwa.

"Jumatano ulipanda juu ya paa kufanya nini?"

"Kupunguza udongo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mwingi. Boriti za chumba cha mzee zilikuwa zimepinda. Kazi yangu ni mageti na mapaa, afande, mti uliochoka naujua nikiutazama."

"Ulipunguza kiasi gani?"

"Karai tatu. Dada akaniona, akamwita mzee. Mzee akatoka na fimbo, akasimama uani, akaniambia nishuke, mimi ni mvunja nyumba ya baba yake. Nikashuka."

"Kama boriti zilikuwa zimepinda, mbona hukuendelea?"

"Alishashika ngazi. Angenifuata juu."

Agripina aliandika. "Na haya maneno kwamba nyumba itamuua?"

"Niliyasema. Sikuyasema siku moja, nimeyasema miaka mitatu. Nilimjengea vyumba viwili vya bati pale karakana ahamie. Vitanda vimo mpaka leo."

"Huo udongo ulizidije?"

Hapo Chediel, aliyekuwa anajibu bila kukwama, alikwama. Alitazama ukuta, halafu mezani. "Ulizidi tu," alisema.

Agripina aliuzungushia jibu hilo duara kwenye daftari lake. Mtu anayejua mzigo wa paa lakini hajui mzigo ulikotoka ama anadanganya ama anaficha, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

"Una jambo la kuongeza?"

"Naomba nikamzike baba. Mimi ndiye mwanamume peke yangu kwake. Kwetu anayeanza kutia udongo kaburini ni mtoto wa kiume. Nikiwa nimekufa, sawa, ataanza mjomba. Lakini mimi nikiwa hai hapa nusu saa kwa miguu, halafu aanze mjomba, jambo hilo litawafuata watoto wangu mpaka kwenye harusi zao. Baada ya hapo nirudisheni, mnifunge mnavyotaka."

Agripina hakumwahidi kitu. Ilikuwa saa nne kasoro, na mkononi hakuwa na chochote cha kumwahidi.

Tembe la Masagasi liko pembezoni mwa mji, mtaa wa Mlimani, mahali ambapo viwanja vimepimwa na nyumba za mabati ya rangi zinalikaribia kila mwaka. Lilijengwa mwaka 1948 na Masagasi mwenyewe, baba yake Urbano, aliyekuwa mnyapara wa gangi ya reli. Inasemekana reli ya kwanza ya kwenda Singida ilipong'olewa, vipande kadhaa havikufika vilikotakiwa kufika, na anayetaka kuviona mpaka leo ainue macho sebuleni kwa Masagasi: ndivyo vilivyolala kama boriti. Nyuma ni tembe la Kigogo lenyewe, mabawa matatu yaliyouzunguka ua, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo juu ya boriti na fito, milango mifupi inayomwinamisha mgeni apende asipende. Mbele, kwa kuwa mnyapara alikuwa ameiona stesheni na moyo ukaipenda, alijenga baraza la mawe lenye matao matatu. Wenzake walimcheka. Walisema Masagasi amejenga stesheni, sasa asubiri treni.

Kicheko kiliisha miaka ya sabini, watu walipohamishiwa vijijini na matembe ya jirani yakavunjwa moja baada ya jingine. La Masagasi lilipona kwa sababu wasimamizi wa kazi hiyo walihitaji pa kuwekea mahindi. Urbano, wakati huo kijana mwenye mke, alisimama chini ya tao la katikati akaona nyumba za shangazi zake zikigeuka vumbi. Mwaka 2009 watu wa urithi walipokuja, wakapima, wakapiga picha, wakapigilia kibao ukutani, mzee alilia mbele ya wageni. Mtu aliyeona amri ikivunja nyumba za ukoo wake hawezi kuichukulia kwa mzaha amri inayosema yake isiguswe. Kibao kilikuwa bado kipo, herufi nyeupe kwenye rangi ya kijani, kimefutwa vumbi: *Jengo la urithi. Ni marufuku kubomoa, kubadilisha au kuondoa sehemu yoyote.*

Agripina alikisoma, akapita chini ya matao, Fabiano nyuma yake, akatokea uani. Bawa la kushoto na la kulia yalikuwa yamesimama. La nyuma, lenye chumba cha mzee, lilikuwa limefunguka juu, na ndani yake kifusi kilifunikwa kwa turubai la polisi. Msiba ulikuwa umehamishiwa kwa jirani. Kwaya ilisikika ikijaribu sauti, ikaacha, ikaanza tena.

"Mbukwenyi," sauti ya mzee iliwasalimu kwa Kigogo nyuma yao.

"Shikamoo, mzee," Agripina alijibu.

"Marahaba. Mimi Shukuru, jirani. Tumefukua wenyewe hapa, na mvua mgongoni."

"Poleni sana, mzee. Subiri kidogo, nitakuhitaji."

Alimwambia Fabiano wavue turubai taratibu, kutoka pembeni. Nguzo ilikuwa pale ilipoandikwa kwenye ripoti: mti mnene wa mtundu, umelala, umekatwa sehemu ya chini, mkato laini na mweupe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fabiano alisema.

Agripina alichuchumaa. Hakuushughulikia mkato. Alitazama kuuzunguka.

"Fabiano, mtu akikata mti kwa msumeno, unga wa mbao unaangukia wapi?"

"Chini, afande."

"Basi nionyeshe."

Fabiano alimwonyesha bila shida. Unga ulikuwa palepale, kiasi cha viganja viwili, umelowa na kugandamana, na ulikuwa umetulia juu ya bonge la udongo wa paa. Agripina alimwachia muda autazame. Kisha akachukua sepetu, akaondoa bonge lile, akachimba mpaka kwenye sakafu ya chumba. Sakafu ilikuwa safi. Akapangusa kwa mkono kulizunguka shina la nguzo, shubiri mbili kila upande. Hapakuwa na unga hata wa kutia jichoni.

"Angekata kabla paa halijaanguka, unga ungekuwa wapi?"

Fabiano alitazama sakafu, kisha lile bonge lililoondolewa. "Chini ya kifusi."

"Na uko juu yake. Paa limeanguka kwanza, msumeno umekuja baadaye. Mzee Shukuru, nani alikata nguzo hii?"

"Raymond," mzee alijibu, kama aliyeulizwa jina la mtaa. "Fundi seremala. Ilikuwa imembana mzee miguu. Tulivuta ikashindikana, ndipo Raymond akakimbilia msumeno kwake. Tulipomtoa alikuwa bado wa moto, lakini pumzi hakuna."

"Mbona hamkusema?" Fabiano aliuliza.

"Kijana wangu, wewe uliuliza nani ana ugomvi na mzee. Nikakujibu hilo. Msumeno hukuuliza."

Raymond alikuwa ameondoka Ijumaa alfajiri kwenda Itigi kupaua darasa. Simu yake iliita mara ya pili akapokea. Ndiyo, nguzo aliikata yeye. Juu ilikuwa tayari imevunjika, imepasukapasuka, chini akaikata wapate kumvuta mzee. Alitaka kujua kama wameshamzika, na aliposikia bado, akaomba wamtilie kiganja kwa niaba yake.

Fabiano alikata simu. Alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo hakusubiri kuambiwa. "Nguzo imetoka kwenye kesi, afande," alisema. "Lakini sepetu ipo. Na vitisho vipo. Huenda alilegeza kitu kule juu."

"Huenda. Tuletee ngazi."

Alipanda kwenye bawa la kushoto, palipokuwa bado imara, akatembea kando ya ukuta mpaka mahali paa lilipomegekea. Hapo udongo ulikuwa umekatika wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Agripina alilala kifudifudi na sare yake, akauangalia. Udongo mwekundu, halafu mstari mwembamba wa kijivu. Mwekundu tena, kijivu tena.

Alikuwa amezaliwa Ulemo, kwenye tembe la bibi yake, kabla baba yake hajaweza kununua bati. Mstari wa kijivu aliujua: ni majivu na samadi, wanawake hupaka mwisho kabisa, baada ya kukandika udongo wa kichuguu, mvua zinapokaribia. Lakini bibi yake kila mwaka alianza kwa jembe bovu. Alipanda akakwangua udongo wa mwaka uliopita, akautupa chini, mpaka akasikia jembe linagusa karibu na fito; ndipo akakandika mpya. Paa la bibi lilikuwa unene wa shubiri moja mwaka alioolewa, na shubiri moja mwaka aliokufa.

Alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Alipata kumi na sita. Akahesabu tena kutoka chini kwenda juu, akapata kumi na sita. Aliweka kiwiko chake kwenye boriti na kunyoosha mkono kwenda juu, na ncha za vidole hazikufika mwisho wa udongo.

"Kibao kiliwekwa mwaka gani?" aliuliza bila kugeuka.

"Elfu mbili na tisa," mzee Shukuru alijibu kutoka chini. "Mwezi wa nane."

Kutoka mwaka ule mpaka huu, misimu ya kukandika ilikuwa kumi na sita. Kisha mvua ya kwanza ilikuwa imekuja Alhamisi, na udongo mkavu ukinyweshwa huongezeka uzito sana. Sebuleni boriti zilikuwa za reli, zilibeba. Chumbani kwa mzee zilikuwa za mti, na zilikuwa na miaka sabini na sita. Upande wa ukuta aliiona pia sehemu aliyokwangua Chediel, shimo dogo la karai tatu, palepale juu ya boriti iliyoanza kuvunjika. Alikuwa amejua mahali pa kuanzia.

Agripina alibaki amelala pale juu kwa muda. Sasa alijua kilichomuua mzee, na alijua jalada halitakubali elimu ya bibi wa Ulemo. Lilihitaji maelezo ya mtu aliyekuwa anakandika paa hilo. Alitamani awepo mtu mwingine yeyote wa kumuuliza, na hakuwepo.

Dorkas alitolewa msibani, wakakaa jikoni kwa jirani, yeye kwenye kigoda, Agripina kwenye ndoo iliyofunikwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, khanga kichwani na nyingine kiunoni. Aliacha ndoa yake Kintinku mama alipofariki, akarudi kumtunza baba, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

"Pole na msiba, dada Dorkas."

"Nimeshapoa, afande. Mmekuja kunichukua niende mahakamani?"

"Hapana. Nataka kujua habari za paa tu. Nani alikuwa anakandika?"

"Mimi." Alinyoosha mgongo kidogo. "Mama alifariki elfu mbili na nane. Tangu hapo ni mimi. Kila mwezi wa kumi nabeba udongo wa kichuguu kule bondeni, karai kwa karai. Hata mwaka niliougua malaria nilikandika. Paa la baba halijawahi kuvuja, afande, uliza mtu yeyote."

"Nasikia. Mama alipokuwa hai alikuwa anafanyaje?"

"Alikwangua kwanza, akakandika."

"Na wewe?"

"Mimi mwaka ule wa kibao nilipanda na jembe nikwangue. Baba akanizuia. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye kibao, akanisomea neno kwa neno. Akasema udongo ule alikuwa anampokeza baba yake akiwa na miaka sita, nao ni nyumba, na sheria imesema nyumba isitolewe kitu. Akasema wetu ni kuongeza tu." Dorkas alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Tangu siku hiyo hatukutoa hata kiganja. Watu wa urithi wakija wakahesabu, watakuta vyote vipo."

"Mliwahi kuwauliza kama udongo nao haukwanguliwi?"

"Tuwaulize nini? Kibao kimesema."

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haijatungwa methali ya yule aliyesikia, akatii miaka kumi na sita, bila kuruka hata mmoja.

Agripina alikuwa na swali moja limebaki, na sheria ilimtaka aliulize. "Juu ya chumba cha mzee peke yake, kwa mwaka, ulikuwa unapandisha karai ngapi?"

"Sitini. Mwaka wa mvua nyingi sabini." Dorkas alijibu haraka, kwa fahari ya mtu anayeijua kazi yake. "Sitini kwa..."

Akaacha. Midomo yake iliendelea kusogea bila sauti, akihesabu. Nje kwaya ilikuwa imepata sauti na inaimba sasa, na mwanamke mmoja alipita mlangoni na sufuria, akaona nyuso zao, akarudi alikotoka.

"Chediel alikuwa anatoa," Dorkas alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anamtolea baba."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nikamwita baba. Nikapiga kelele, njoo uone, anavunja." Alivua khanga ya kichwani, akaikunja mara mbili, akaiweka magotini kama mtu anayejiandaa na safari. Hakulia. Ingekuwa nafuu kwa Agripina kama angelia. "Afande, baba aliteseka?"

"Daktari ameandika hakukaa hata dakika tano."

"Dakika tano ni nyingi."

"Dada Dorkas, aliyekataza kukwangua ni mzee mwenyewe. Wewe ulimtii."

"Yeye alisema tu. Aliyebeba ni mimi." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi. Andika yote, kama nilivyosema, usinipunguzie. Halafu umtoe mdogo wangu."

Alitia sahihi kila ukurasa, kwa herufi za shule ya misheni, zimesimama vizuri.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa kwake anakula, na simu ya tatu ndiyo iliyompata. Alisikiliza habari za unga wa mbao, za Raymond, za mistari kumi na sita, za maelezo ya dada mtu. Alikubali kwamba hapo hakuna mauaji. Alichotaka ni taratibu: jalada liende kwa wakili wa serikali Jumatatu, atoe ushauri, mtu aachiwe.

"Mzee anazikwa saa tisa leo, afande," Agripina alisema. "Hatasubiri ushauri."

"Nani anamdhamini mtuhumiwa?"

"Mimi," Fabiano alisema kwa sauti iliyofika kwenye simu, na Agripina akamtazama. "Nilimkamata mimi, nitamdhamini mimi. Nitasimama naye kaburini, nimrudishe mwenyewe ikitakiwa."

Upande wa pili alisikika akimaliza kutafuna. "Ondoeni shitaka la mauaji, mwachieni kwa dhamana ya polisi. Mkaguzi, maelezo yote mezani kwangu leo jioni."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache. Fabiano alifungua mahabusu mwenyewe. Alitoa mkanda kwenye bahasha, na viatu, akapiga goti moja chini kuvinyoosha visigino vilivyokuwa vimekunjika. Chediel alivivaa, akafunga mkanda. Walipokuwa kwenye gari, wamevuka reli, ndipo alipouliza.

"Nani amewaambia?"

"Paa," Agripina alijibu. "Na dada yako."

Alifumba macho. "Kwa hiyo ameshajua."

"Ameshajua."

"Nilikuwa sitaki ajue."

Agripina aligeuka kwenye kiti cha mbele, akamtazama. Lile jibu alilolizungushia duara asubuhi lilikuwa limejieleza lenyewe. "Ungesema udongo ulivyozidi, usingelala hata siku moja ndani."

"Ningesema, ningetoka mimi, akaingia yeye. Si humu mwenu. Kichwani mwake. Kifungo cha humu kina siku ya kuisha, afande." Alitazama dirishani, nyumba za mabati zikipita. "Alimpenda mzee kunizidi. Mimi nilimpenda nikaenda zangu kazini."

Fabiano aliongeza mwendo.

Kaburi lilikuwa nyuma ya tembe, kando ya lile la Masagasi mnyapara. Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Mjomba, mzee wa kutoka Itigi, alikuwa ameinama kuchota, na mchungaji alikuwa ameanza maneno ya mavumbi kwa mavumbi. Watu walipoona gari la polisi walinong'onezana. Walipoona anayeshuka, na kwamba mikono yake haina pingu, wakapisha njia. Mjomba aliinuka polepole. Alimtazama Chediel, akamtazama Fabiano aliyesimama nyuma yake amevua kofia, akaufungua mkono wake na kuurudisha udongo kwenye lundo lake.

Chediel alichota kiganja kimoja. Alipiga magoti ukingoni, akanyoosha mkono mpaka ndani alikoweza kufika, akauachia karibu ili usipige kishindo.

Kisha wakaitwa watoto wa kike. Mchungaji alikuwa na sahani ya bati yenye udongo uliochekechwa, akampelekea Dorkas. Dorkas aliitazama sahani, akatikisa kichwa.

"Chukua, mama," mchungaji alisema kwa upole. "Umuage baba."

"Mimi nilishamtilia, Mchungaji," Dorkas alisema. "Wangu anao wa kutosha."

Mchungaji hakuelewa, akamsogezea sahani tena. Watu nao hawakuelewa, wakadhani ni uchungu unamsemesha, na mwanamke mmoja akamshika bega. Chediel aliinuka akaja, akaichukua sahani mikononi mwa mchungaji. "Huu ni wa Dorkas," alitangaza, ili wote wasikie, akaumimina taratibu. Halafu akarudi akasimama kando ya dada yake, bega kwa bega, naye Dorkas hakumsogelea wala hakumkimbia.

Ndipo wanaume waliposhika masepetu, na udongo wa kwanza mzito ulipogonga mbao, Dorkas akaziba masikio kwa viganja vyake viwili.